Je, Wajua? "Gari" Letu Limo Katika Jina la Sinema ya Kihindi

Ramisi, huku pwani ya Kenya, ni mji uliokuzwa na miwa. Kabla kiwanda cha sukari hakijafungwa mwaka 1988, Mdigo, Mmakonde aliyetoka Msumbiji na Mhindi walifanya kazi huko, na wote walikuwa na neno moja la kuitia kilichobeba miwa: gari. Neno hilo tulilipata kwa Wahindi. Kwao ni gaadi, na ndilo linalomalizia jina la sinema ya kuvunja mbavu ya mwaka 1958, Chalti Ka Naam Gaadi, yaani kinachokwenda ndicho kiitwacho gari.

Je, wajua kwamba ndugu watatu wenye gereji katika sinema hiyo ni ndugu kweli? Ni Ashok, Anoop na Kishore Kumar. Usiku mmoja wa mvua binti wa kitajiri, Madhubala, anafika na gari bovu. Kishore analitengeneza huku akiimba, binti anaondoka, malipo yamesahaulika. Basi kijana anamwandama kwa deni la rupia 5 na ana 12, na mapenzi yanaingilia humo humo.

Hesabu hiyo wahenga wa pwani wangeielewa bila mkalimani. Katika sarafu zilizopigwa kwa jina la Mombasa mwaka 1890 zilikuwamo za ana 2, na rupia ilitumika hapa mpaka 1920. Hata neno pesa ni paisa ya Kihindi. Ana 16 ndizo rupia moja, kwa hiyo 12 ni robo tatu. Cha ajabu, India ilikwisha kuhamia hesabu ya mia mwaka 1957, lakini wimbo wa deni hilo katika sinema ukashikilia ana.

Inasimuliwa kwamba Kishore alitaka sinema hiyo ianguke ili apunguze kodi. Ikawa miongoni mwa zilizoingiza fedha nyingi zaidi India mwaka ule! Na Kishore, pamoja na kuimba kwake, hakuwahi kusomea muziki. Alimwoa Madhubala mwaka 1960. Maradhi ya moyo yakamchukua bibiye mwaka 1969, akiwa na miaka 36 tu.

Huku kwetu, kilichodumu zaidi ya stelingi wa sinema hizo ni sauti. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Malindi, alichukua mahadhi ya sinema za Kihindi akayatilia Kiswahili, mara nyingi mashairi ya binamu yake Ahmad Nassir, yule wa diwani ya Malenga wa Mvita. Wapo waliolalamika kwamba taarabu inapotezwa. Mimi nawapinga kwa moyo wote: msikilize Bhalo usiku wa harusi, uone kama mtu anauliza wimbo umetoka wapi.

Tukirudi kwa Kishore, alifariki tarehe 13 Oktoba 1987. Siku hiyo kaka yake Ashok alikuwa anatimiza miaka 76, na tangu hapo hakuisherehekea tena.