Fahamu: Mboga za jamii ya kabichi na kinga dhidi ya saratani

Kabichi, chainizi, sukuma wiki, figili, brokoli na koliflawa ni mboga za ukoo mmoja. Mchicha, matembele na kisamvu, vitoweo vya ugali katika nyumba nyingi za Mpanda na mkoa mzima wa Katavi, vina lishe bora lakini si vya ukoo huo.

Mboga za jamii ya kabichi zina glukosinoleti, kemikali zenye salfa. Jani linapokatwa au kutafunwa, kimeng'enya chake huzigeuza kuwa viambata vingine. Kimoja ni salforafeni, ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliitenga kutoka kwenye brokoli mwaka 1992. Katika maabara, huamsha vimeng'enya vinavyoondoa sumu kabla hazijaharibu vinasaba. Kwa binadamu ushahidi bado haujakamilika: baadhi ya tafiti zimeona saratani chache zaidi kwa walaji wazuri wa mboga hizi, nyingine hazikuona tofauti.

Upishi nao una uzito wake. Kuchemsha kabichi mpaka ilainike kabisa, kisha kumwaga maji, hupoteza sehemu kubwa ya viambata hivyo. Ni afadhali kuikatakata, kuiacha dakika chache, halafu kuikaanga kidogo au kuipika kwa mvuke.

Mboga hazitibu saratani. Dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kinga kuu ni chanjo dhidi ya virusi vya HPV vinavyoisababisha, inayotolewa nchini kwa wasichana tangu 2018, pamoja na uchunguzi wa mapema. Wazazi wa Katavi wasiwanyime binti zao chanjo hiyo.