Vitamini D, Maziwa ya Mama na Mawingu ya Rungwe

Maziwa ya mama humpatia mtoto mchanga karibu kila kitu anachohitaji katika miezi 6 ya kwanza ya maisha yake. Hata hivyo, vitamini D iliyomo ni haba. Mtoto huhitaji mikrogramu 10 kwa siku, ilhali lita nzima ya maziwa hayo aghalabu haina zaidi ya mikrogramu 2.

Hii si kasoro ya mama. Sehemu kubwa ya vitamini D ya binadamu haitokani na chakula, bali hutengenezwa katika ngozi ipigwapo na miali ya jua isiyoonekana, iitwayo urujuanimno. Ini na figo huikamilisha, nayo huuwezesha utumbo kufyonza madini ya kalsiamu. Ikikosekana, mifupa ya mtoto hubaki laini, na miguu yake huweza kupinda ikawa matege.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, washindao nje juani, walikuwa na vitamini D ya kutosha katika damu. Ngozi nyeusi hupunguza miali hiyo lakini haiizuii kabisa.

Katika Tukuyu, jua halionekani kwa wingi hivyo. Mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, hasa kati ya Novemba na Mei. Mawingu huipunguza miali, na baridi huwalazimu akina mama kuwafunika watoto. Kuketi nyuma ya dirisha hakufai kitu, kwani kioo huizuia. Jua la asubuhi na mapema lina miali michache, nalo jua kali la adhuhuri huweza kuidhuru ngozi ya mtoto mchanga.

Kwa sababu hiyo, nchi kadhaa huwapa watoto wanyonyao matone ya vitamini D, mikrogramu 10 kila siku. Njia nyingine ni kumpa mama. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mama anayenyonyesha akimeza mikrogramu 160 kwa siku, maziwa yake humtosheleza mtoto. Lakini vitamini hii ikizidi mno hudhuru figo. Hivyo kipimo sharti kiamuliwe na daktari.

Upungufu huu si sababu ya kuacha kunyonyesha. Maziwa ya ng'ombe, yapatikanayo kwa wingi Rungwe, nayo yana vitamini D kidogo tu.