Elimu Marekani: Fedha Zipande, Sauti ya Mzazi Ibaki

Mnamo Machi 20, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kuanza kuivunja Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, wizara iliyoundwa kwa sheria ya 1979, akisema kwamba elimu sasa inarudishwa kwa majimbo. Waliofurahi walifurahi na waliolaani wakalaani. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza swali moja tu: elimu hiyo iliondoka lini mikononi mwa majimbo hata irudishwe?

Katiba ya Marekani haitaji shule hata mara moja. Nyongeza ya Kumi, iliyopitishwa mwaka wa 1791, yasema kwamba mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa ni ya majimbo au ya wananchi wenyewe, na elimu imo katika mamlaka hayo. Aidha, Washington hutoa takriban sehemu moja tu katika kumi ya fedha za shule za umma. Zilizosalia hutoka kwa serikali za majimbo na kwa wilaya za shule. Kwa hivyo mvutano ambao ningependa msomaji autazame si ule wa Washington na majimbo. Ni ule wa makao makuu ya jimbo na mtaa wenye shule, na katika mvutano huo, kwa muda wa karne nzima, mtaa ndio umekuwa ukishindwa.

Hapo kale mambo yalikuwa kinyume. Mwaka wa 1920 wilaya za shule zilibeba asilimia 83 ya gharama zote. Kila wilaya ilikuwa na bodi iliyochaguliwa na wakazi, nayo ndiyo iliyomwajiri mwalimu, ikakadiria kodi ya nyumba na ardhi, ikanunua vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wilaya hizo zilizidi 127,000. Leo zimesalia kama 13,000, nyingi zikiwa zimeunganishwa kwa shinikizo la majimbo.

Sina nia ya kuzipamba siku hizo. Shule inayotegemea kodi ya nyumba hufanana na nyumba zinazoizunguka. Wakazi wa mtaa wa kitajiri walitozwa kiwango kidogo wakapata maabara, ilhali wa mtaa wa kimaskini walitozwa kiwango kikubwa na wasipate hata vitabu vya kutosha. Huko San Antonio, Texas, mzazi mmoja, Demetrio Rodriguez, pamoja na wenzake wa mtaa wa Edgewood, waliupeleka unyonge huo mahakamani. Mwaka wa 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia, kwa kura tano dhidi ya nne, ikisema kwamba elimu si haki ya kimsingi chini ya katiba ya nchi.

Mlango huo ulipofungwa, wanyonge waligeukia katiba za majimbo, ambazo, tofauti na ile ya nchi, huagiza kuwepo kwa shule za umma. Mwaka wa 1989 watu wa Edgewood walirudi, safari hii mbele ya mahakama ya juu ya Texas, wakashinda. Mahakama ilikuta kwamba mali inayotozwa kodi katika wilaya tajiri kupita zote, ikigawanywa kwa idadi ya wanafunzi, ilikuwa mara 700 ya ile ya wilaya maskini kabisa. Hapo ndipo nguvu za majimbo zilipokua hasa, na zilikua kwa sababu maskini waliziomba.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa Kentucky. Wilaya 66 zilizokuwa hohehahe zililishtaki jimbo, na wakili wao akawa Bert Combs, aliyepata kuwa gavana wa jimbo hilo hilo. Mnamo Juni 1989 mahakama ya juu ya Kentucky ilitoa hukumu ambayo hata walioshtaki hawakuitarajia. Haikusema tu kwamba mgao wa fedha una kasoro. Ilitangaza kwamba mfumo mzima wa elimu, kuanzia sheria zake hadi bodi zake, ulikuwa kinyume cha katiba ya jimbo, na ikaliagiza bunge liujenge upya.

Bunge lilitii. Sheria ya 1990 ilipandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6 ili wilaya maskini zipate fungu nono. Sheria hiyo ilizipiga marufuku bodi kuajiri jamaa zao, kwani katika milima ya mashariki ya jimbo bodi ya shule ilikuwa imekuwa kama duka la ukoo. (Ugonjwa huo wa kuajiriana kindugu hauhitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kenya.) Lakini jambo lililonivutia zaidi ni hili: jimbo lile lile lililochukua fedha na kanuni lilizipa shule mabaraza yao wenyewe, kila baraza likiwa na mwalimu mkuu, walimu watatu na wazazi wawili, na likawapa sauti juu ya mitaala na juu ya uteuzi wa mwalimu mkuu. Fedha zilipanda hadi makao makuu, na sauti ikashuka hadi shuleni. Huo ndio mpango ninaoutetea.

Sasa tuitazame Houston. Mwaka wa 2015 bunge la Texas lilipitisha sheria kwamba shule moja ikifeli miaka mitano mfululizo, kamishna wa elimu ama aifunge ama aiondoe bodi ya wilaya nzima. Shule ya Sekondari ya Wheatley ilifeli. Kesi zikachukua miaka, na ilipofika Juni 1, 2023, wilaya ya Houston, yenye wanafunzi wapatao 190,000, ilitwaliwa na jimbo. Wheatley yenyewe ilikuwa imekwisha kupanda hadi alama ya C. Kamishna, ambaye huteuliwa na gavana, aliteua bodi ya watu tisa na mkurugenzi mpya, Mike Miles. Waliochaguliwa na wananchi walibaki na vyeo bila mamlaka.

Haki yao niwape. Katika matokeo ya 2025 hakuna shule ya wilaya hiyo iliyopata alama ya F, ilhali miaka miwili nyuma zilikuwa nyingi. Hilo si dogo kwa mtoto aliyekuwa akisoma katika mojawapo ya shule hizo. Lakini walimu wengi walihama, na maktaba katika shule kadhaa zikageuzwa vyumba vya wanafunzi wanaotolewa darasani. Mzazi aliyetaka maktaba irudi angemwendea nani? Mjumbe wake hana mamlaka. Mwenye mamlaka hakuchaguliwa. Aliye juu yake ni gavana wa watu zaidi ya milioni 30. Miongoni mwa wazazi wa jiji hilo wamo wakimbizi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani kwao, watu ambao hata bodi ya mtaani huwa shida kwao kuifikia, sembuse gavana.

Wananchi wa Houston walipata nafasi moja ya kujibu. Mnamo Novemba 2024 waliombwa waidhinishe mkopo wa dola bilioni 4.4 wa kukarabati na kujenga shule. Majengo yalikuwa yamechakaa, na hakuna aliyebisha. Hata hivyo waliukataa, wengi wakisema waziwazi kwamba hawawezi kukabidhi fedha zao kwa bodi wasiyoichagua. Watoto wakabaki katika majengo yale yale. Mimi siwezi kuwalaumu wapiga kura hao, ingawa hasara nimeiona, kwa maana hawakuachiwa kauli nyingine.

Watetezi wa hatua hiyo husema kwamba utwaaji ni wa muda. Waswahili husema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Hata Kentucky, mwaka wa 2022, bunge lilipuuza kura ya turufu ya Gavana Andy Beshear na kuyanyang'anya mabaraza ya shule kauli ya mwisho juu ya mitaala na walimu wakuu, ikapewa wakurugenzi wa wilaya. Na huko Houston, mnamo 2025 kamishna aliongeza muda wa bodi aliyoiteua hadi Juni 1, 2027. Hata ikiondoka siku hiyo, sheria ya Texas inawarudisha waliochaguliwa theluthi moja kwa mwaka. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Houston mnamo Agosti 2023 atakuwa amemaliza la sita kabla mzazi wake hajapata tena bodi nzima aliyoipigia kura.