Ukijitolea kwa lililo moyoni, malipo utayaona

JE, msomaji, mara ya mwisho uliyomfanyia mtu kazi bila kutarajia hata senti ilikuwa lini? Hapa hatuzungumzii noti uliyotoa kwenye harambee, jina lako likasomwa kwa kipaza sauti na watu wakapiga makofi. Tunazungumzia jasho lako na saa zako, ukimpa mtu ambaye huenda hana chochote cha kukulipa.

Wengi watajibu kwamba nyakati ni ngumu. Kuna karo, kuna unga, kuna nauli. "Nikiwafanyia watu kazi ya bure, wanangu watakula nini?" Swali hilo ni la haki na halifai kupuuzwa. Lakini kabla hujafunga mlango, hebu tutazame wale wanaojitolea ilhali nao wana shida hizo hizo.

Githongo ni kituo cha biashara katika Imenti ya Kati, Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Riziki ya huko ni majani chai, kahawa na ng'ombe wa maziwa. Siku huanza mapema, na mkulima ana kila sababu ya kusema kwamba hana nafasi. Hata hivyo, huko kama kwingineko mashinani, wapo majirani ambao wakishamaliza shughuli za shamba hushika daftari na kuanza kutembea nyumba kwa nyumba. Huyu wanamuuliza kama mtoto amechanjwa. Yule mjamzito wanamwuliza kama amefika kliniki. Kwa mzee mwenye presha hutaka kujua kama dawa zimekwisha. Aliyezidiwa humshawishi aende hospitalini mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Hao ndio wahudumu wa afya wa kujitolea. Serikali iliweka mpango rasmi wa afya ya jamii mwaka wa 2006, na kwa miaka mingi wengi wao walifanya kazi bila mshahara. Baadhi ya kaunti zilitoa posho, nyingine hazikutoa chochote. Ilikuwa Septemba 2023 ambapo serikali ilizindua wahudumu wapatao 100,000 kote nchini, wakapewa mikoba yenye vifaa kama vile mashine za kupimia presha na sukari. Waliahidiwa posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti.

Piga hesabu, msomaji. Mhudumu mmoja hutarajiwa kushughulikia nyumba zipatazo 100. Posho hiyo ikigawanywa, ni Sh50 kwa kila nyumba kwa mwezi mzima. Hizo haziwezi kununua hata viatu anavyovimaliza kwenye matope ya Aprili. Sasa kitu gani kiliwashikilia hao waliovumilia miaka 17 kabla posho hiyo haijatangazwa?

LILILO KARIBU NA MOYO

Jibu ni kwamba anayedumu katika kujitolea mara nyingi ni yule ambaye jambo lenyewe limewahi kumgusa. Wale wenye umri wa kutosha watakumbuka miaka ya 1990, Ukimwi ulipokuwa ukifagia vijiji na kabla haujatangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Dawa za kupunguza makali hazikuwa zimewafikia wananchi wa kawaida. Wagonjwa walirudishwa nyumbani kuusubiri mwisho, na majirani waliogopa hata kushika vikombe vyao. Miongoni mwa waliojitokeza kuwaosha na kuwalisha walikuwa akina mama waliokuwa wamezika watoto au ndugu zao kwa ugonjwa uo huo. Hawakuhitaji semina ya kuwafundisha huruma.

Mfano mwingine unaujua. Profesa Wangari Maathai alikulia Ihithe, Nyeri, upande mwingine wa mlima huo huo. Kando ya mgumo alioambiwa na mamake asiokote kuni zake, palikuwa na kijito alichochezea. Aliporejea baada ya masomo, mgumo ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. Mnamo 1977 alianzisha Green Belt Movement, na wanawake wa vijijini wakapanda miti kwa mamilioni. Tuzo ya Nobel ya Amani ilimjia mwaka wa 2004, miaka 27 baadaye. Hakuanza kwa kutaka kuiokoa dunia. Alianza na maji na kuni za wanawake wa kwao.

MALIPO YENYEWE

Malipo ya kwanza ni moyo kutulia. Aliyefiwa na mtoto kwa nimonia akimfikisha mtoto wa jirani kwa daktari mapema, hafuti msiba wake. Lakini uchungu wake unapata kazi ya kufanya, na uchungu wenye kazi hauli mtu kama ule unaokaa naye gizani.

Malipo ya pili ni afya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha mwaka wa 2013 matokeo ya uchunguzi wa watu wa miaka 51 na zaidi. Waliojitolea kwa saa 200 au zaidi kwa mwaka, yaani kama saa nne kwa wiki, walielekea kupatwa na presha kwa kiasi kidogo kuliko wasiojitolea. Ni kweli kwamba mtu mwenye nguvu ndiye anayeweza kutoka kujitolea, kwa hivyo tusiseme kuwa ni dawa. Lakini kutembea, kuzungumza na watu na kuwa na sababu ya kuamka si mambo madogo kwa mtu mzima.

Utafiti mwingine unafunza zaidi. Chuo Kikuu cha Michigan kilitazama watu wa jimbo la Wisconsin waliomaliza shule mwaka wa 1957. Kama ilivyochapishwa 2012, waliojitolea kwa ajili ya wengine walielekea kuishi zaidi. Wale waliojitolea kwa kutafuta faida yao wenyewe hawakuwapita sana wale ambao hawakujitolea kabisa. Ndiyo maana wahenga walisema tenda wema uende zako. Anayeyafukuza malipo huyakosa.

Malipo ya tatu yawahusu hasa vijana. Wewe uliyemaliza Kidato cha Nne na unakaa kwenye vibanda vya soko ukingoja kazi, hebu fikiria. Anayejitolea hujifunza kuandika ripoti, kuongea mbele ya watu na kutimiza ahadi. Hakuna anayeweza kukuhakikishia ajira, lakini siku mwajiri atakapouliza umefanya nini, hutajibu kwa kutazama chini.

Na malipo ya nne ni watu. Siku nawe utakapougua, hodi haitakosa kupigwa mlangoni pako.

ANZA HIVI

Kwanza, usichague jambo kwa sababu linasifiwa. Jiulize ni kitu gani kijijini mwako kinachokukosesha usingizi. Pengine ni mto unaochafuliwa, mtoto asiyejua kusoma, au mkongwe anayeishi peke yake. Anzia hapo.

Pili, mshirikishe mume au mke wako mapema. Kujitolea kunakofichwa huzaa ugomvi, na nyumba isiyo na amani haitengenezi ya jirani.

Tatu, toa kiasi unachoweza kudumu nacho. Jioni mbili kwa mwezi bila kukosa zina faida kuliko wiki moja ya moto na mwaka mzima wa majivu. Msimu wa kuchuma ukifika, sema wazi kwamba utapunguza.

Nne, kujitolea kusiwe kisingizio cha kunyonywa. Kazi ya kulipwa ilipwe, na serikali isijifiche nyuma ya moyo mwema wa akina mama. Mhudumu anayedai posho aliyoahidiwa hajapoteza moyo wa kujitolea. Anadai haki yake, ili kesho aweze kurudi katika nyumba zile 100.

Mwisho, kama shabaha yako ni kura, tafadhali sema mapema. Wanakijiji si wajinga.

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wiki hii, msomaji, tazama nyumba ya tatu kutoka kwako. Je, unajua wanaendeleaje?