Jifunze Kuisikiliza Ngoma Yako



Kiangazi kikifika Newala na Masasi, na mavuno yakiwa ghalani, ngoma hulia. Huo ndio wakati wa jando na unyago. Watu hucheza mpaka alfajiri. Lakini je, umewahi kuisikiliza ngoma hiyo vizuri?

Kusikia ni jambo moja. Kusikiliza ni jambo jingine. Anayesikia hujua tu kwamba kuna ngoma. Anayesikiliza hujua ni ngoma ipi, nani anaongoza, na ni nani amepotea njia.

Mimi ni bwana shamba, si mwalimu wa muziki. Lakini shambani mambo ni hayo hayo. Mgeni akipita kwenye mikorosho, huona miti tu. Mwenye shamba huona mti mchanga, mti mzee, na maua yenye ubwiri unga. Amejifunza kutazama. Muziki nao tunaweza kujifunza kuusikiliza.

Kwa nini tujifunze sasa? Siku hizi sherehe nyingi huletewa spika kubwa. Mtu mmoja anabonyeza, muziki unalia. Si vibaya. Vijana wanafurahi, na wazee pia wanacheza. Lakini ngoma ya kijiji haipigwi na mtu mmoja. Inataka wapigaji kadhaa, na kila mmoja ana kazi yake. Mzee mmoja akifariki bila kumfundisha kijana, sauti moja hutoweka. Zilizobaki hulia, lakini ngoma nzima imelemaa.

SEHEMU NNE ZA MUZIKI

Muziki wowote duniani unaweza kuusikiliza kwa kufuata sehemu nne.

Ya kwanza ni mapigo. Jaribuni jambo hili darasani. Gawanyikeni makundi mawili. Wote hesabuni pamoja, polepole, kutoka 1 mpaka 6. Mkifika 6, rudieni 1 bila kusimama. Kundi la kwanza lipige makofi kwenye 1 na 4. Kundi la pili lipige makofi kwenye 1, 3 na 5.

Mtasikia nini? Kundi moja linapiga mara mbili. Jingine linapiga mara tatu. Wote mnakutana kwenye 1. Mapigo yanashindana, lakini hayagombani. Ngoma nyingi za Afrika zimejengwa hivyo. Ndiyo sababu miguu ya mchezaji inaweza kufuata pigo moja, na kiuno kikafuata pigo jingine.

Ya pili ni sauti ya wimbo. Wimbo hupanda na kushuka kama njia ya kutoka bondeni kwenda juu Newala. Fuata njia hiyo kwa sikio lako. Unapanda wapi? Unashuka wapi? Kisha sikiliza wanawake wakiimba. Mara nyingi utasikia sauti mbili zinazotembea pamoja, moja juu na moja chini. Hakuna aliyewaandikia. Walijifunza kwa kusikiliza.

Ya tatu ni vyombo. Kila chombo kina sauti yake, kama kila mtu alivyo na sauti yake. Katika ngoma za Wamakonde kuna ngoma ndogo yenye mguu uliochongoka. Mguu huo huchomekwa ardhini. Mpigaji hutumia fito mbili nyembamba. Sauti yake ni kali, na pigo lake halibadiliki. Ngoma ndogo hii ndiyo saa ya wenzake. Ngoma kubwa ina sauti nzito. Mpigaji wake ana ruhusa ya kubadili mapigo na kuzungumza na mchezaji. Kumbuka pia moto ulio kando ya uwanja. Moto huo si wa kuota tu. Ngozi ikipata joto hukaza, na sauti hupanda. Ngozi ikipata umande hulegea, na sauti hushuka.

Ya nne ni mpangilio. Mmoja anaanza, wengi wanaitikia. Angalia ngoma ya vinyago, ambayo wengine huiita mapiko na wengine midimu. Mwenye kinyago anacheza kwa kufuata ngoma. Ngoma ikikata, naye anakata. Wakisimama pamoja, watu wanapiga vigelegele. Akikosea hatua moja, kila mtu anaona. Kumbe hata wewe ambaye hukusoma muziki unajua kupima mpangilio!

NYAKATI ZA MUZIKI WETU

Sasa tuone historia. Watu wa Ulaya huugawa muziki wao kwa nyakati. Muziki wa Bach, aliyefariki mwaka 1750, ni wa wakati mmoja. Muziki wa Beethoven, aliyefariki mwaka 1827, ni wa wakati mwingine. Msikilizaji wao husikia tofauti. Sisi nasi tuna nyakati zetu.

Wakati wa kwanza ni wa mababu. Wamakonde, Wamakua na Wayao walikuwa na ngoma za jando na unyago, nyimbo za kazi na nyimbo za safari. Wimbo ulikuwa shule. Mtoto alifundishwa adabu, kazi na maisha ya ndoa kwa kuimba.

Wakati wa pili ni wa misheni na wakoloni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na kijiji cha misheni kikaanza. Mwaka 1906 wamisionari Wabenediktini walianza kazi Ndanda. Nyimbo za kanisa zikaja na mtindo wa Ulaya. Hata hivyo mila hazikufa. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakulifuta jando. Aliliingizia sala za Kikristo.

Mwaka 1906 huo huo alikuja Mjerumani aitwaye Karl Weule. Alikuwa mtaalamu wa makumbusho ya mji wa Leipzig. Alipita Masasi, Newala na Mahuta akiwa na mashine ya kunasa sauti. Watu wakaimba mbele ya mashine hiyo. Sauti zikanaswa katika nta, nyimbo zikapelekwa Ujerumani. Tutarudi kwenye jambo hili.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 mpaka 1918, ngoma ya beni ilienea sehemu nyingi za Tanganyika. Wachezaji wa beni walijipanga kama askari na kuiga bendi za jeshi. Walichukua mambo ya kigeni, wakayafanya yao.

Wakati wa tatu ni wa Uhuru. Mwezi Desemba mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisema kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Aliwakumbusha wasomi kwamba walijua kucheza dansi za Wazungu, lakini wengi hawakujua ngoma za kwao. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaundwa. Sindimba ya Wamakonde ikawa miongoni mwa ngoma zake mashuhuri. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo, na vijana wa makabila mengine wakajifunza sindimba huko.

Wakati huo redio nayo ilileta magitaa mpaka vijijini. Wengi wanamkumbuka Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979. Sikiliza tena bendi za zamani kwa zile sehemu nne. Gitaa moja linarudia pigo bila kuchoka, kama ile ngoma ndogo ya fito mbili. Gitaa la solo linazungumza, kama ngoma inayoongoza. Besi ni sauti nzito ya chini. Chombo ni kigeni, lakini kazi ni ya ukoo wetu!

Wakanisa nao walibadilika. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika mwaka 1962 mpaka 1965, ngoma na kayamba viliingia katika makanisa mengi ya Kikatoliki.

Wakati wa nne ni huu wa sasa. Kuna bongo fleva na singeli. Mapigo mengi hutengenezwa kwa kompyuta. Usidharau. Chukua zile sehemu nne, usikilize. Uliza: pigo hili nimelisikia wapi? Pengine utalikuta ni la ngoma ya bibi yako, limevaa nguo mpya.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila kikundi cha ngoma kihesabu wapigaji wake. Kila mzee anayepiga awe na kijana mmoja wa kumrithi. Anza na ngoma ndogo, maana bila hiyo nyingine hupotea. Asiyeweza kushika pigo moja kwa muda mrefu asikimbilie ngoma kubwa.

Pili, wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, tumia kalamu yako. Nunua daftari. Andika jina la ngoma, jina la kijiji, tarehe, majina ya wapigaji na kazi ya kila mmoja. Andika mti uliochongwa na ngozi iliyotumika. Ukikosa neno la Kiswahili, andika la Kimakonde, Kimakua au Kiyao.

Tatu, tumia simu kunasa sauti, lakini omba ruhusa kwanza. Nyimbo nyingine za jando na unyago ni siri. Hizo ni mali ya makungwi na wenyewe. Usizinase kwa kujificha, wala usizitume ovyo. Zile za uwanjani, za watu wote, nasa na uzihifadhi hapa kijijini.

Mwaka 1906 sauti za watu wetu zilinaswa na mgeni, zikaondoka kwa meli. Leo mashine ya kunasa sauti iko mfukoni mwa kijana wa Kitangari au Lulindi. Safari hii sauti zisiondoke. Zibaki, na ziwe na majina ya wenyewe.

Kiangazi kijacho, ngoma ikianza, usikimbilie kucheza. Simama kando kidogo. Tafuta ngoma ndogo kwa sikio lako. Ukiipata, tafuta ya pili, kisha ya tatu. Halafu ingia uwanjani. Utacheza vizuri zaidi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja sehemu nne za muziki.
2. Ngoma ya kijiji chenu ina wapigaji wangapi? Kila mmoja ana kazi gani?
3. Ni ngoma ipi iliyochezwa zamani kijijini kwenu, na sasa haichezwi? Nani bado anaijua?
4. Ni nyimbo zipi zinaweza kunaswa, na zipi zisinaswe? Kwa nini?