Pumu: Kupumua kwa mpangilio si mbadala wa dawa

KWA mgonjwa wa pumu, kuacha dawa aliyoandikiwa si jambo la kubahatisha. Ndiyo maana mbinu ya baiofidibaki, isiyohitaji kidonge wala inhela, inastahili kuelezwa kwa uangalifu.

Baiofidibaki ni mafunzo yanayomwezesha mtu kuona kwenye skrini jinsi mwili wake unavyofanya kazi, kisha ajifunze kuudhibiti. Kwa wenye pumu, vitambuzi hubandikwa mwilini kupima mapigo ya moyo. Kwa kawaida, moyo huenda kasi mtu anapovuta pumzi na kupunguza kasi anapoitoa. Mgonjwa hufunzwa kupumua takriban mara sita kwa dakika, mwendo unaoikuza tofauti hiyo.

Mnamo 2004, mtafiti Paul Lehrer na wenzake katika jimbo la New Jersey, Marekani, walichapisha utafiti uliohusisha watu wazima 94. Waliofunzwa mbinu hiyo waliandikiwa dawa kidogo kuliko wenzao wa makundi ya ulinganisho, na makali ya ugonjwa yakapungua kwa wastani wa daraja moja. Madaktari walioandika dawa hizo hawakujua nani alikuwa katika kundi lipi.

Hata hivyo, mwaka wa 2018 Lehrer na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 68 wenye pumu hafifu au ya wastani, ambao hawakuwa wakitumia steroidi. Waliofuata mapigo ya moyo walipata nafuu, lakini waliopewa mafunzo tofauti yaliyoandamana na muziki wa kutuliza walipata nafuu iyo hiyo. Isitoshe, walipovuta dawa ya kupanua njia za hewa baada ya mazoezi, mapafu yao yaliimarika mno, ishara kwamba njia hizo zilikuwa zingali zimebana. Watafiti walihitimisha kuwa mbinu hiyo isichukuliwe kuwa mbadala wa steroidi za kuvuta.

Sababu ni kwamba pumu si kubana kwa misuli pekee. Ndani ya njia za hewa huwa na uvimbe, ambao steroidi huutuliza hata siku ambazo mgonjwa hana dalili. Anayejihisi mtulivu huenda akadhani amepona ilhali uvimbe ungalipo, na shambulio la ghafla linaweza kumuua.

Hivyo basi, anayependa mazoezi hayo ayafanye sambamba na matibabu, wala asipunguze dozi bila idhini ya daktari. Inhela ya dharura nayo isikae mbali naye.