Wikendi ya maua Charleston: Usiishie kwenye selfie

Kwa wanaoishi Marekani, Charleston, South Carolina, inatosha kwa wikendi ya kuona maua ya machipuko. Azalea kwa kawaida hunoga mwishoni mwa Machi, ila joto likiwahi nayo huwahi, hivyo ulizia bustanini kabla ya kulipia hoteli.

Jumamosi anza na Magnolia, iliyofunguliwa kwa umma baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jumapili nenda Middleton Place, bustani iliyoanzishwa mwaka 1741. Zote ziko Ashley River Road.

Lakini uzuri huo una historia chungu: matuta na mabwawa ya Middleton yalichimbwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Magnolia bado vipo vibanda walimoishi. Tenga muda uvione pia.